Barafu ya Kibo na mchoro wa maji: presha ya nani?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Niko kidato cha sita, PCB (fizikia, kemia na baiolojia), hapa Moshi. Kwenye mchoro wa hali za maji, ule unaoonyesha ni kwa presha na joto gani maji huwa barafu, kimiminika au mvuke, barafu hugeuka mvuke moja kwa moja pale tu presha inapokuwa chini ya paskali 611. Lakini tunaambiwa barafu ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, nayo hupotea hivyohivyo bila kuyeyuka, na kule juu presha ni kama paskali 49,000. Nani anadanganya, mchoro au mlima? Tena, mstari wa kuyeyuka, unaotenganisha barafu na kimiminika, umelalia kushoto, yaani presha ikipanda barafu huyeyuka kwenye nyuzi za chini zaidi. Je, uzito wa barafu ya juu hauwezi kuyeyusha ya chini?

JIBU: Marahaba, binti. Hakuna anayedanganya. Utata uko kwenye mhimili wa wima, ambao vitabu vingi huuandika "presha" kisha vikanyamaza. Presha ya nani? Ya maji yenyewe. Mchoro ule ni wa maji matupu: silinda na pistoni, ndani hamna hewa hata chembe. Wewe umechukua presha ya hewa ya Kibo, karibu yote naitrojeni na oksijeni, ukaipachika kwenye mhimili usio wake.

Tuanzie pwani. Umeanika kanga Dar es Salaam, nyuzi 30, presha ya hewa paskali 101,000. Ukisoma mchoro kwa namba hizo, uko katikati kabisa ya eneo la kimiminika, basi kanga isingekauka mpaka kiama! Inakauka kwa sababu maji ya nyuzi 30 hutulia pale tu mvuke juu yake unapofika paskali 4,200 hivi, na hewa yenye unyevu wa asilimia 70 ina mvuke wa takriban paskali 3,000. Upungufu huo ndio unaokausha.

Sasa panda Kibo. Barafu ya nyuzi -7 inataka mvuke wa karibu paskali 340 juu yake ndipo isipungue. Hewa ya kileleni mara nyingi ni kavu kuliko hapo, kwa hiyo barafu inatoka ikiwa mvuke. Hiyo 340 ndiyo namba ya kupeleka kwenye mchoro wako, na iko chini ya 611 kama kitabu kinavyotaka. Halafu angalia gharama yake, mimi hapa ndipo ninapopapenda: kugeuza kilo moja ya barafu kuwa mvuke hula kilojuli 2,830 hivi, ilhali kuiyeyusha ni 334 tu. Joto linalopeperusha kilo moja lingeyeyusha nane.

Kuchemka ni habari nyingine. Pale povu lazima lisukumane na hewa, kwa hiyo presha yote inahesabika, na maji ya kileleni huchemka kwenye nyuzi 80 na kidogo. Usijaribu kupika maharage.

La pili ni fupi. Mstari umelalia kushoto kwa kuwa barafu ni nyepesi kuliko maji, lakini umelala kidogo mno: kushusha kiwango cha kuyeyuka kwa nyuzi moja kunataka presha mara 130 hivi ya ile ya hewa ya pwani. Uzito wa mita 40 za barafu haufikishi hata mara nne. Barafu ya nyuzi -7 haitatikisika.