Dizeli ya premiamu na chupa za dawa: lini zinasaidia injini na lini unachoma hela

Jamani tuongee kuhusu hili la dizeli ya premiamu na zile chupa za dawa unazoambiwa umimine kwenye tanki, maana ubishi wake hauishi. Mmoja anasema gari limekuwa jipya, mwingine anasema ni wizi mtupu, na ukweli ni kwamba wote wawili wanaweza kuwa sahihi, inategemea injini ni ya aina gani, mafuta ya kawaida wanayopata yana ubora gani na gari lenyewe linaumwa nini. Mi nimeendesha dizeli muda mrefu, zile za zamani za pampu ya kawaida na hizi za komoni reli (bomba moja la presha kubwa linalogawa mafuta kwa injekta zote) zenye kompyuta kila kona, kwahiyo ninayosema hapa mengi nimeyaona kwenye magari yangu na ya watu wa karibu.

Kwanza ujue premiamu ya dizeli sio ile ya petroli. Kwenye petroli unauziwa okteni, yaani uwezo wa kutowaka kabla ya wakati wake, kwenye dizeli unauziwa vitu viwili: seteni na sabuni ya kusafisha nozo, ile ncha ya injekta inayopuliza mafuta. Seteni ni kipimo cha jinsi dizeli inavyowahi kuwaka yenyewe ikipulizwa ndani ya silinda yenye hewa iliyobanwa ikapata moto. Ikiwahi, ule mlio wa kugonga kaka-kaka unapungua, asubuhi ya baridi injini inashika haraka na moshi mweupe unaisha mapema. Sasa kiwango cha Ulaya, EN 590, kinataka seteni isishuke chini ya 51, wakati kiwango cha Marekani kinaruhusu mpaka 40. Umeona hapo? Mtu mwenye mafuta ya seteni 40 na kitu akiongeza dawa ya seteni anaweza kusikia tofauti kweli, na mwenye mafuta ya 51 akimimina dawa ileile asisikie chochote, halafu wanakutana mtandaoni wanaitana waongo.

Ila seteni sio nguvu, hapa ndio watu wengi wanapigwa. Joto lililomo ndani ya lita moja ya dizeli haliongezeki eti kwasababu imewahi kuwaka. Injini ikishapata seteni inayoitaka, ukipandisha zaidi hakuna kipya unachopata. Hata zile dizeli za kutengenezwa kutokana na mafuta ya mimea au gesi, ambazo seteni yake inavuka 70, zinawaka safi sana na masizi yake ni machache lakini ni nyepesi kuliko dizeli ya kawaida, kwahiyo lita moja inabeba nishati pungufu kidogo na unaweza ukakuta gari linakula lita nyingi kidogo kuliko mwanzo. Kuhusu ulaji mi nimepima kwa kujaza tanki mpaka juu na kuandika kilomita, na kusema kweli tofauti ya premiamu ilimezwa na foleni, upepo wa matairi na kiyoyozi. Kama premiamu imezidi bei kwa asilimia 10 basi gari inabidi litembee asilimia 10 zaidi ndio hela irudi, na hiyo sijawahi kuiona kwenye gari langu lolote.

Sasa tuje kwenye sabuni, hapa ndio penye faida ya kweli. Gari la kwanza la abiria kuuzwa na komoni reli lilikuwa Alfa Romeo 156 mwaka 1997, presha yake ilikuwa kama bar 1350, leo injini nyingi zinacheza kwenye 2000 na nyingine zinafika 2500. Kwa presha hiyo mafuta yanapita kwenye vitundu vyenye upana wa karibu sehemu ya kumi ya milimita, na ndani ya injekta sindano inacheza kwenye nafasi ya maikroni chache tu. Masizi kidogo yakiganda kwenye ncha ya nozo, mpulizo unapotea umbo lake, mafuta hayachanganyiki vizuri na hewa, nguvu inashuka na moshi mweusi unaongezeka. Na kuna uchafu mwingine wa ndani kabisa, kama utando wa vanishi au wa kunatanata (sio ile sabuni ya kusafisha), unaofanya sindano ikwame kidogo, ndio unakuta gari linatetemeka likiwa la baridi halafu likipata moto linatulia.

Ulaya kuna kipimo cha maabara kinachotumia injini ya Peugeot inayoitwa DW10, wanaweka zinki kidogo sana kwenye dizeli, sehemu moja kwa milioni, ili kuchafua nozo makusudi, halafu wanaangalia nguvu imeshuka kiasi gani. Wenye mafuta yenye sabuni nzuri wanaonyesha hapo kwamba nguvu iliyopotea inarudi. Kwahiyo ukisoma tangazo linasema "inarudisha nguvu" lisome hivyohivyo, INARUDISHA, kama hujapoteza hakuna cha kurudishiwa. Gari jipya lenye nozo safi halitapaa, litabaki tu safi kwa muda mrefu zaidi, na hilo nalo sio dogo ukifikiria bei ya injekta nne mpya.

Kwangu ilifanya kazi kwenye gari lililokuwa linatetemeka asubuhi likiwa limesimama injini ikiunguruma bila kukanyagwa. Niliweka dawa ya nozo kwa kipimo cha kwenye chupa, nikaendelea na dizeli ya premiamu, na mtetemo ukapungua polepole, sio tanki la kwanza. Lakini gari jingine lenye dalili ileile kabisa halikubadilika hata kidogo, fundi akapima mafuta yanayorudi kutoka kila injekta, akakuta moja inarudisha mengi kupita wenzake wote. Hiyo imelika ndani, chuma kimeisha, hakuna dawa ya chupa itakayorudisha chuma. Ndio maana siku hizi nasema pima kwanza, lipia fundi asome marekebisho ya injekta kwa kompyuta na apime mafuta ya kurudi, halafu ndio uamue kama unahitaji chupa au unahitaji injekta.

Kitu kingine kinachoniumiza ni watu kumimina dawa kwenye tanki ili wasafishe EGR (vali inayorudisha sehemu ya egzosti kwenye injini) na manifoldi ya hewa, yaani mabomba ya kuingizia hewa. Dizeli inapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda, haipiti kabisa njia ya hewa! Ile lami nyeusi kwenye EGR ni masizi ya egzosti yamechanganyika na mvuke wa oili, dawa ya tanki haiifikii. Inaweza kusaidia masizi mapya yatoke machache, basi, ila yaliyoganda yanataka kufunguliwa na kusuguliwa. Nina rafiki alimimina chupa baada ya chupa kwa hili na mwisho EGR ikafunguliwa vilevile.

Kwa wenye DPF, yaani kichujio cha masizi, mambo ni mawili tofauti na watu wanayachanganya. Masizi yanaungua yenyewe kichujio kikifika kama nyuzi 600, na kuna dawa zenye madini ya seriamu au chuma zinazoshusha joto hilo mpaka karibu 450, ndivyo Peugeot walivyofanya kwenye 607 mwaka 2000, lakini magari ya mfumo huo yana tanki lake dogo la dawa na kompyuta ndio inapima, usimimine yako juu yake. Cha pili ni majivu, hayo yanatoka zaidi kwenye oili ya injini na hayaungui kabisa, yanajaa taratibu mpaka kichujio kitolewe kikasafishwe. Kwahiyo oili sahihi ya majivu kidogo pamoja na safari ndefu ya mwendo wa barabara kuu mara kwa mara vina faida kubwa kwa DPF kuliko chupa yoyote niliyowahi kununua.

Kuhusu ulainishaji, dizeli ya siku hizi imetolewa salfa, Ulaya 10 kwa milioni na Marekani 15, na ule mchakato wa kuitoa unaondoa pia ulaini wa asili wa mafuta, ila viwanda vinarudisha kwa kuongeza kilainishi, kwahiyo mafuta yaliyofikia kiwango yanatosha. Usiweke oili ya tuu-stroki kwenye gari lenye DPF, unaongeza majivu. Na usichanganye petroli wala mafuta ya taa kwenye komoni reli hata mtu akuapie, pampu ya presha inalainishwa na dizeli yenyewe, ikikauka inatoa chenga za chuma zinazosambaa mpaka kwenye injekta, hapo unabadilisha mfumo mzima na kuosha tanki.

Maji nayo. Kuna dawa zinazoyachanganya na mafuta ili yapite, na zipo zinazoyatenganisha yakatulie chini ya filta, mi nataka hizi za pili na namwaga maji ya filta mwenyewe, sitaki tone lipite kwenye nozo.

Na ukiamua kutumia dawa kali ya kusafisha, weka kipimo kilichoandikwa, usizidishe mara mbili ukidhani itafanya haraka, na uwe na filta mpya tayari kwasababu uchafu wa tanki la zamani unaweza kuachia wote ukaziba filta gari likaanza kukosa mafuta ukikanyaga. Tanki mbili tatu zikipita hujaona badiliko, acha kununua, peleka likapimwe.