Maswali ya wasomaji: "Naulilia mkate, na wananiambia nishukuru"

Shangazi, shikamoo.

Nina miaka 29. Miezi mitano iliyopita, baada ya kuzunguka sana kwa madaktari na tumbo linalojaa gesi, vidonda vya mdomoni visivyoisha na upungufu wa damu usiosikia vidonge, nilipimwa nikaambiwa nina ugonjwa wa siliaki. Daktari akasema nisile tena ngano, shayiri wala rai (nafaka inayofanana na ngano) maisha yangu yote. Alinieleza kwa dakika kumi, akanipa karatasi moja, nikatoka.

Tangu siku hiyo sijagusa mkate. Lakini kipimo cha damu cha juzi kinaonyesha kingamwili za ugonjwa huu bado ziko juu. Mwanzoni zilikuwa zaidi ya mara kumi ya kiwango cha kawaida, sasa ni kama mara nne. Uchovu uko palepale. Mama mkwe anasema kidogo hakidhuru, eti nakuza mambo. Marafiki wananiambia nishukuru Mungu si saratani, nitazame upande mzuri. Nimeacha kwenda kwenye sherehe za watu. Wiki iliyopita nilipita mlangoni kwa bekari, harufu ikanifikia, nikalia njiani. Mtu mzima kulilia mkate! Nifanyeje nipate moyo? Na je, nitarudi kuwa nilivyokuwa?

*Niliyechoka Kujieleza*

Marahaba, mwanangu.

Naanza na hicho kinachokutia aibu. Mimi nililia kwa sababu ya biskuti. Ni miaka 17 sasa. Ilikuwa wiki ya tatu tangu nipewe majibu kama yako, nimekaa kwenye kikao kazini, sahani ikawa inapitishwa. Mkono wangu ukaenda wenyewe. Nikaukamata ukiwa tayari juu ya sahani, nikausogeza kwenye bilauri ya maji kana kwamba ndiko ulikokuwa ukienda tangu mwanzo. Hakuna aliyeona. Nilitoka nikajifungia chooni, nikalia mpaka kikao kikaisha.

Kwa hiyo lia. Umefiwa na kitu. Tangu utotoni uliketi popote palipoandaliwa chakula ukala bila kuuliza, na sasa kila mlo una maswali yake. Hao wanaokwambia ushukuru wanakupenda, sina shaka, ila wanataka uruke matanga. Mimi niliruka yangu. Nilikaa karibu mwaka mzima nikitabasamu na kumwambia kila anayeuliza kwamba sijambo kabisa, na huo ndio mwaka niliokosana na watu wengi kuliko mwingine wowote maishani mwangu, kwa vitu vidogo visivyohusiana na chakula. Moyo ulianza kurudi siku nilipomwambia dada yangu kwa simu, bila kupamba: "Nauchukia ugonjwa huu." Akanijibu, "Hata mimi nauchukia." Basi. Usiku ule nililala.

Sasa tuje kwenye majibu yako, maana nadhani huzuni yako nyingi imejificha humo. Unasema kingamwili ziko juu. Mimi naona zimeshuka kutoka zaidi ya mara kumi hadi nne ndani ya miezi mitano. Mwili wako unasikia. Kwa mtu mzima, hasa aliyeanzia juu kama wewe, kingamwili mara nyingi huchukua mwaka au zaidi kurudi kawaida, na utumbo wenyewe huchelewa zaidi. Pale ndani ya utumbo mwembamba kuna vinyweleo vidogo sana, vimesimama kama manyoya ya zulia, ndivyo vinavyonyonya chakula. Kwa mwenye siliaki, gluteni, yaani protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai, ikiingia, kinga ya mwili huvishambulia hadi zulia linabaki uso mtupu. Ndiyo maana vidonge vyako vya madini ya chuma vilikuwa havifui dafu: vilikuwa havina pa kunyonywa. Manyoya hayo huota tena, lakini kwa watu wazima wengi huhitaji miaka miwili, wakati mwingine hata zaidi. Wewe uko mwezi wa tano. Hujashindwa jambo lolote.

(Kama maziwa yanakusumbua siku hizi, usishtuke. Kimeng'enya cha kusaga sukari ya maziwa hutengenezwa kwenye ncha za vinyweleo hivyohivyo, na wengi hurudi kunywa maziwa bila tabu utumbo ukipona.)

Hata hivyo kagua jikoni, kwa sababu mimi nilikwama. Mwezi wa saba kipimo changu kiligoma kushuka. Nilikuwa mwangalifu kupita kiasi, nasoma kila pakiti mara mbili, nikaona nimeonewa. Asubuhi moja nikachukua chupa ya asali tuliyokuwa tukitumia sote nyumbani, nikaiinua dirishani kutafuta kilichobaki chini. Jua likapita ndani yake. Niliona punje za mkate zimening'inia kwenye asali, nyingi, nyingine ndogo kama vumbi, kila moja imekaa mahali pake haizami wala haipandi. Kisu kinachota asali, kinapaka mkate, kinarudi kwenye chupa. Miezi saba. Nilikaa chini kwenye sakafu ya jikoni nikiwa nimeishika ile chupa.

Tangu hapo nina asali yangu, siagi yangu, mwiko wangu, ubao wangu wa kukatia na chujio langu, vyote vimefungwa uzi mwekundu. Tazama vivyo hivyo mchuzi uliokolezwa kwa unga, sosi ya soya (nyingi hutengenezwa kwa ngano), chochote chenye kimea, kwa sababu kimea kwa kawaida ni shayiri, mafuta yaliyokwisha kukaangia vitu vya ngano, na oti, ambazo mara nyingi huchanganyika na ngano shambani au kinuni. Muulize mfamasia kuhusu vidonge unavyomeza kila siku. Na omba kuonana na mtaalamu wa lishe. Dakika kumi na karatasi moja hazitoshi kumfundisha mtu kula upya, na una haki ya kurudi kudai zaidi.

Mama mkwe. Usibishane naye kwa hasira, mpe hesabu. Kipande kimoja cha mkate kina gluteni ya gramu mbili hivi au zaidi. Kiasi ambacho wenye siliaki wengi huweza kukistahimili kwa siku bila utumbo kuumia ni kama miligramu 10. Gawa kile kipande sehemu mia mbili, uchukue moja: hicho ndicho "kidogo" chako cha siku nzima. Kanuni za kimataifa za chakula, Codex Alimentarius, zinataka bidhaa iitwayo isiyo na gluteni isizidi miligramu 20 kwa kilo. Mama yangu mzazi naye alikuwa akisema kidogo hakidhuru. Alikuja kunyamaza siku nilipokata kipande cha mkate mbele yake nikaendelea kukata, nikimwomba anisaidie kuhesabu. Tulifika thelathini na kitu, akaweka kisu chini, akasema, "Kumbe ni vumbi." Kuanzia siku ile yeye ndiye aliyekuwa mlinzi wangu mezani, mkali kuliko mimi.

Kuna habari moja nilijisomea nyakati zile ikanitia nguvu kuliko ushauri wowote, nami naipenda sana, univumilie. Mwaka 1888 daktari wa London aitwaye Samuel Gee aliueleza ugonjwa huu vizuri, akasema kwamba kama mgonjwa anaweza kupona, basi ni kwa njia ya chakula. Lakini chakula gani, hakujua. Miongo ikapita. Watoto wakaendelea kudhoofika mikononi mwa mama zao. Kuanzia miaka ya 1920 wengine walilishwa ndizi, wakapata nafuu, na watu wakadhani dawa ni ndizi. Daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Karel Dicke, akaanza kuishuku ngano hata kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Kisha majira ya baridi ya 1944 na 1945 njaa ikaipiga Uholanzi, mkate ukakosekana. Watu walikufa kwa maelfu, lakini wale watoto wake wenye siliaki wakapata nafuu. Mkate uliporudi, wakaumwa tena. Mwaka 1950 aliyaandika aliyoyagundua katika tasnifu yake. Mimi huwafikiria sana mama wa kabla ya hapo, waliokuwa wakimpikia mtoto mgonjwa uji wa ngano ili apate nguvu, kwa mapenzi yote. Ile karatasi moja uliyopewa na daktari wako, wao wangeivukia bahari.

Ndiyo maana neno hili "mtazamo chanya" silitumii sana. Ninachokushauri ni kidogo na kinashikika. Tafuta daftari, lakini usiandike humo ulichokula. Andika ulichoweza kufanya ambacho mwezi uliopita hukukiweza. Ofisi yangu ilikuwa ghorofa ya tatu, ngazi 54. Nilipoanza nilikuwa napumzika mara mbili, najifanya natafuta funguo kwenye mkoba ili wanaonipita wasiulize. Niliandika kila Ijumaa: nimesimama mara mbili, mara mbili, mara mbili, mara moja. Wiki nyingine ikarudi mara mbili, nikasikitika, nikaiandika hivyohivyo. Mwezi wa tisa nilifika juu nikiwa naongea na mwenzangu, nikafungua mlango, nikaketi, ndipo nikagundua kwamba sikusimama popote. Hilo daftari ninalo hadi leo, na ukurasa ule wino umetawanyika.

Kuhusu sherehe, rudi, lakini anza na watu wawili watatu wanaokupenda. Kula kwanza nyumbani ili njaa isikufanye mnyonge, beba chako, na mpigie mwenyeji siku mbili kabla, si mlangoni. Mwambie sentensi moja: "Ngano hunidhuru utumbo, nitakuja na chakula changu, nakuja kwa ajili yenu." Nimeona wengi wakipumua, kwa sababu walikuwa wanaogopa kukudhuru. Wali mweupe, viazi vya kuchemsha, mayai, matunda, samaki wa kuchoma asiyepakwa unga: vipo mahali pengi, ukiuliza tu kijiko kimetoka wapi.

Jambo moja usilipuuze. Huzuni ikikaa zaidi ya wiki mbili, usingizi ukapotea, yale uliyokuwa ukiyapenda yakakosa ladha, mwambie daktari kwa maneno hayohayo. Sonona huwapata wenye siliaki zaidi kuliko watu wengine, na ina matibabu. Tena mwombe apime madini ya chuma, vitamini B12, vitamini D na tezi dundumio, ile ya shingoni. Uchovu wako huenda una sababu inayoonekana kwenye damu, na hakuna moyo mkuu unaoziba pengo la madini ya chuma. Waambie pia ndugu zako wa tumbo moja na wazazi wapimwe, maana kwa ndugu wa damu kama hao, takriban mmoja kati ya kumi huwa na ugonjwa huu. Wapimwe wangali wanakula ngano. Wakiacha kwanza, kipimo kinaweza kudanganya.

Umeuliza kama utarudi kuwa ulivyokuwa. Sitakudanganya. Damu yangu ilirudi, vidonda vya mdomoni vikaisha, nguvu zikarudi karibu zote. Mifupa ilikuwa imepungua uzito kwa zile siku za kutojua, na haikurudi yote, kwa hiyo natembea kila asubuhi na naogopa kuanguka. Bado harufu ya mkate hunisimamisha. Siku hizi nasimama, naivuta, naendelea na safari yangu. Niandikie tena kipimo kijacho kikitoka, hata kama kitakuwa kimepanda.

Shangazi, salaam.

Mke wangu amepatikana na siliaki mwezi uliopita. Nikimtia moyo anakasirika, nikinyamaza anasema simjali. Nimwambie nini?

*Mume Aliyekwama*

Mwanangu,

Punguza maneno, ongeza vitendo. Usimwambie ni jambo dogo, wala usimsimulie habari za mtu aliyepona. Akisema amechoka, mwambie "Naona," kisha uchukue kazi iliyokuwa mkononi mwake.

Fanya nyumbani pawe mahali pasipo na maswali. Kaeni siku moja muamue pamoja: ama ngano itoke jikoni kabisa, ama iwe na rafu yake ya chini, vyombo vyake na sponji yake. Ukila mkate, nawa mikono na upige mswaki kabla ya kumbusu. Usingoje akuombe.

Na siku ukimpikia, usimwambie "kula tu, nimeshahakikisha." Zile pakiti ulizotumia usizitupe. Zipange mezani kando ya sahani yake, upande wenye maandishi ukimwelekea yeye, azisome mwenyewe. Kisha kaeni mle chakula kilekile.