Bronco ya 1972: breki kabla ya injini
Ndugu, umeuliza kama Coyote, ile injini ya Ford ya V8 ya lita 5.0, itaingia kwenye Bronco yako ya 1972, lile gari la Ford la 4x4. Itaingia, ila kwa kubanana: ina kemshafti nne (shafti zinazofungua vali), kwa hiyo vichwa vyake vya silinda ni vipana kuliko vya ile 302, injini ya Ford ya zamani. Lakini mimi ningeanza na breki. Gari hilo lilitoka kiwandani na breki za dramu magurudumu yote manne. Breki za diski za mbele zilikuja 1976. Coyote ya kwanza, ile ya Mustang ya 2011, ilitoa nguvu za farasi 412. Kukimbia utakimbia, kusimama ndiyo mtihani! Na chesisi uigongegonge kutafuta kutu kabla hujanunua hata bolti. Difu ya nyuma (gia za ekseli) ya inchi 9 iache ilivyo, imara kweli ile.