Usiyaruke Maji Yaliyo Miguuni Pako: Kuvua Bluegill kwa Inzi Bandia

Msimu wangu wa kwanza wa kuvua kwa inzi bandia, yaani ndoano ndogo iliyopambwa ifanane na mdudu, nilikuwa nikifika bwawani naenda moja kwa moja hadi ukingoni, kisha naurusha mshipi mbali kadiri mkono ulivyoweza. Niliamini samaki wote wako katikati. Jioni moja nilichoka, nikarudi nyuma hatua nne, nikaketi kwenye nyasi na kutulia. Hazikupita dakika kumi, nikaona vivuli vya samaki vikirejea kimoja kimoja kwenye maji yasiyofika magotini, mahali hasa nilipokuwa nimesimama. Siku zote nilikuwa nikiwafukuza niliokuja kuwatafuta.

Kwa hiyo kama unaanza kuvua bluegill na jamaa zake, wale samaki bapa wa bwawani wanaoenea kwenye kikaango wakiwa wazima, anza na maji ya karibu. Hapo ndipo penye matete, majani ya yungiyungi, magogo yaliyozama na kivuli cha matawi, na wadudu wanaoanguka kutoka kwenye nyasi huangukia hapo hapo. Simama mbali kidogo na ukingo, na ukiweza piga goti. Samaki huhisi mtikisiko kwa mstari wa ubavuni mwake, hivyo kishindo cha mguu humfikia kabla hujamwona. Jua likiwa mgongoni kwako, angalia kivuli chako kinaangukia wapi. Kisha urushe mshipi sambamba na ukingo, kushoto na kulia, kabla hujagusa maji ya mbele.

Vifaa havihitaji kukusumbua sana. Ufito mwepesi wa namba 3 au 4 (namba hiyo ni ya uzito wa mshipi unaoufaa), wenye urefu wa futi 7 hadi 8 na nusu, unatosha, pamoja na mshipi unaoelea na uzi mwembamba wa mbele wa futi 7 hadi 9. Kilicho muhimu zaidi ni ukubwa wa ndoano. Bluegill ana mdomo mdogo mno ukilinganisha na mwili wake. Ukitumia ndoano kubwa utahisi akigonga na kugonga bila kunasa, na utadhani kosa ni la mkono wako. Tumia namba 10 au 12, na siku ngumu nenda hadi 14, maana namba ikipanda ndoano huwa ndogo zaidi.

Miti ikiwa nyuma yako, usilazimishe kuurusha mshipi nyuma. Inua ufito polepole mpaka mshipi uning'inie kando ya bega kama upinde, kisha usukume ufito mbele na kuusimamisha ghafla. Mshipi utajiviringisha juu ya maji na kunyooka wenyewe. Kwa samaki wa ukingoni, mita sita au saba ni nyingi.

Inzi ninayempenda kuliko wote ni buibui wa sponji mwenye miguu ya mpira. Namwangusha karibu na matete, halafu simgusi. Hapo ndipo wengi wanapoharibu, kwa kuwa mkono unataka kuvuta. Ngoja viduara vyote vya maji viishe. Bluegill hukaribia, husimama chini ya inzi akimkagua, na mara nyingi ile miguu ya mpira inayotetemeka yenyewe ndiyo inayomshawishi. Viduara vikiisha na hakuna kitu, mtikise kidogo tu, kisha ngoja tena. Asipopanda juu, badilisha, weka inzi anayezama taratibu na umwache ashuke. Samaki huyu hala kwa kuuma. Hufyonza maji na chakula pamoja, na akihisi kitu si chakula hukitema mara moja. Hivyo usisubiri kuvutwa. Tazama mahali mshipi unapoingia majini. Mshipi ukisita, au ukisogea kando hata kwa upana wa kidole, inua ufito.

Asubuhi na jioni ndizo saa za kuvua juu ya maji. Jua likiwa kali, samaki wakubwa hushuka pale kina kinapoanza kuongezeka, na hapo inzi anayezama ndiye anayefanya kazi.

Sasa viota. Maji yakipata joto la nyuzi 20 na kitu hivi, madume huchimba vishimo vya duara kwenye kina kifupi, vingi vikiwa vimesongamana pamoja. Miwani ya jua inayokata mng'aro itakuonyesha vikiwa kama sahani nyeupe chini ya maji. Dume hulinda mayai na hushambulia chochote kinachokaribia, kwa hiyo kumnasa ni rahisi mno. Wavuvi wengi hujaza ndoo wakati huo, na jambo hili linaniuma. Dume akiondolewa, samaki wengine huingia na kula mayai. Tena madume makubwa yakiisha bwawani, yale madogo huwahi kuzaa badala ya kukua, na baada ya miaka michache unabaki na bwawa lililojaa samaki wa ukubwa wa kiganja cha mtoto. Ukitaka wa kula, chukua wa ukubwa wa kati, nje ya eneo la viota, na wakubwa uwaachie.

Ili kuachia kuwe kwepesi, bana kwa koleo kile kijino kilicho nyuma ya ncha ya ndoano kabla hujaanza kuvua. Lowesha mkono ili usimwondolee samaki ute unaomkinga, kisha laza miiba ya pezi la mgongoni kwa kupitisha kiganja kutoka kichwani kwenda mkiani. Ukimshika kinyume itakuchoma. Mwachie pale pale ulipomtoa. Mara kadhaa nimekaa kimya kwenye nyasi nikamwona dume niliyemwachia akirudi juu ya kishimo chake, akipepea mapezi juu ya mayai na kuwafukuza wadogo waliokuwa wameanza kusogea.