Kabla ya kulaumu malaria

Asubuhi pale Nyawera, hapa Bukavu, nimemkuta dereva kadogo mmoja, wiki ya pili kazini, anaota moto kwenye bomba la moshi la Hiace yake. Mvua, baridi, viganja vimenyooshwa kama mbele ya mbabula, injini inanguruma akingoja abiria. Nilicheka, kisha nikakasirika, maana huyo ni mimi wa zamani. Sikilizeni.

1. Ukingoja abiria, zima injini. Patroni hakurudishii esansi iliyoungua umesimama.

2. Ukipanda barabara ya Panzi nyuma ya lori la Fuso, usiushike mkia wake. Wataalamu wa kansa wa Shirika la Afya Duniani waliuhukumu moshi wa mazutu (dizeli) mwaka 2012 kuwa unaleta kansa, na kitambaa chako puani kinazuia vumbi tu. Masizi laini yanapita.

3. Sakafu. Hapa niacheni nijiseme.

Hiace yangu ya kwanza ilitoboka bomba, chini ya kiti changu hasa. Ule mngurumo niliupenda. Gari limepata sauti ya kiume! Mvua ikianza abiria wanafunga vioo vyote, nami sikukataza. Kila jioni kichwa kinanigonga. Nikasema malaria, nikameza dawa mara tatu bila kupima. Dawa ziliposhindwa, nikamshuku jirani. Jumapili nyumbani kichwa kilikuwa chepesi, na hata hilo nililipatia sababu: jirani yuko misani.

Abiria nao walilala. Toka kituo cha Essence mpaka mwisho, vichwa vyote chini. Nikamtambia konvayeri: "Unaona vile naendesha? Wanabebwa kama mgongoni mwa mama."

Mpaka siku mama mmoja alipofika, akamtikisa mtoto wake mgongoni, haamki. Tulimtoa nje mbio, mvua ikimpiga usoni, sisi sote kimya. Akalia. Sijafurahia kilio cha mtoto namna ile hata kwa wanangu. Mama, akitetemeka, alinipa nauli yangu kamili. Nikapokea. Mpaka leo mkono huu naujua.

Fundi aliinua kapeti: tundu la kupitisha kidole, masizi pembeni. Moshi wa bomba una gesi ya sumu, kaboni monoksidi: haina rangi wala harufu, na huing'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni.

4. Kichwa kikikuuma garini tu na kupoa nyumbani, gari liende kwa fundi siku hiyo hiyo, wewe hospitali.

5. Kioo kimoja kibaki wazi hata mvua inyeshe. Abiria atakayelalamika kwamba analowa, mleteni kwangu.