Wasomaji Wanauliza: Sheha, Diwani na Wazee wa Mji

SWALI: Assalaam alaykum. Wazee wetu wamekubali tufunge mwamba wa pweza, asivue mtu hapo, kwa miezi mitatu. Sheha (mkuu wa shehia, eneo la chini la utawala hapa Zanzibar) kasema itatosha ikitangazwa msikitini Ijumaa. Mara iliyopita tulifanya hivyo hivyo, wenye dago (wavuvi wageni wanaopiga kambi) kutoka shehia nyengine wakaja wakakomba kila kitu. Tufanyeje?
Msomaji, Wilaya ya Micheweni, Pemba

JIBU: Waalaykum salaam. Tangazo la msikitini lina nguvu kwa watu wenu, maana wanawajua wazee waliolitoa na wanawaonea haya. Mgeni wa dago hakulisikia, na hana wa kumwonea haya. Neno la wazee litangulie, karatasi ifuate.

Kikao akiite sheha pamoja na Kamati ya Wavuvi ya Shehia, na wanawake wanaochokoa pweza kwa miguu wawepo. Hao ndio watakaokosa kitoweo mwamba ukifungwa. Wasiposhirikishwa, mpango utavunjika mapema, na lawama haitakuwa yao. Kwa sababu hiyo fungeni sehemu tu ya mwamba, nyengine muiache. Muhtasari utaje mipaka kwa alama anazoziona nahodha (boya, ncha ya mwamba, mkoko mkubwa), tarehe ya kufunga na ya kufungua, na zamu za ulinzi, hasa za usiku. Kila aliyehudhuria aandike jina na kusaini. Nakala zipelekwe kwa afisa wa uvuvi, kwa Mkuu wa Wilaya na kwa masheha wa shehia jirani. Hawa wa mwisho ndio husahauliwa, na wageni wenu wanatoka kwao. Mwamba ukiwa upande wa magharibi, ndani ya Hifadhi ya Mkondo wa Pemba, uongozi wa hifadhi nao upewe nakala.

Faini msijitungie. Mtu akikamatwa, akabidhiwe kwa afisa wa uvuvi au polisi pamoja na mashahidi wawili. Mkimnyang'anya chombo chake, mnaweza kugeuka nyinyi washtakiwa.

Miezi mitatu inatosha. Pweza hukua haraka mno na umri wake ni kama mwaka mmoja hivi. Jike akishataga hulinda mayai bila kula, yakianguliwa hufa, kwa hivyo ukifunga mwaka mzima wengi watakufia pangoni. Kisiwa Panza, huko Wilaya ya Mkoani, wameshafunga sehemu ya miamba yao kwa namna hii; wajumbe wenu wawili wakaulize.

Siku ya kufungua iwe ya bamvua, maji yanapotoka sana, na wanawake waingie mwanzo. Mkifungua wakati wa maji mafu, yasipotoka sana, wenye vyombo na miwani ya kuzamia watamaliza pweza kabla anayekwenda kwa miguu hajaufikia mwamba. Bei mkubaliane na wachuuzi mapema, kwani siku hiyo pweza hutoka wengi kwa pamoja na mnunuzi analijua hilo. Mizani iwepo, kila pweza apimwe na uzito uandikwe. Bila ya daftari hilo, mwakani mtabishana kama kufunga kulisaidia au la.

SWALI: Njia yetu ya mashamba imekatika kwa mvua. Sheha ananituma kwa diwani, diwani ananirudisha kwa sheha. Mwenye kazi hii ni nani?
Msomaji, Wete

JIBU: Fedha zinapitishwa kwenye baraza analokaa diwani, mliyemchagua nyinyi. Sheha huteuliwa na Mkuu wa Mkoa kwa ushauri wa Mkuu wa Wilaya. Hana fungu la kujengea njia, ila anaweza kuthibitisha tatizo. Pimeni urefu wa palipokatika, andikeni nyumba ngapi zinaitumia njia hiyo na mazao gani yanakwama, sheha apige muhuri, diwani apeleke. Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Ombi la mwezi wa Juni limeshachelewa.

SWALI: Familia moja imetupa kiwanja cha skuli ya maandalizi. Tunayo barua ya sheha. Tuanze msingi?
Msomaji, Kaskazini Unguja

JIBU: Bado. Barua ile ni ushahidi wa makubaliano, si hati. Kwa Sheria ya Ardhi ya 1992, ardhi ya Zanzibar ni mali ya umma na mtu ana haki ya kuitumia. Kwanza ulizeni Kamisheni ya Ardhi kama kiwanja kimo ndani ya eka tatu za serikali (mashamba waliyogawiwa watu baada ya Mapinduzi), maana hizo zina masharti na aliyepewa hawezi kuzimega atakavyo.

Kisha angalieni juu ya ardhi. Kwetu mti unaweza kuwa na mwenyewe na ardhi ikawa ya mwengine: kaka ametoa kiwanja, kumbe minazi minane iliyosimama hapo ni ya dada yake. Miti ihesabiwe kwa aina, kila mwenye mti aandike kuwa amelipwa au amesamehe, ndipo shoka lipite.

Warithi wote wasaini, wanawake wakiwemo, na walioko Dar es Salaam au Oman wapelekewe karatasi. Jengo likishafika kwenye linta, mrithi mmoja aliyesahauliwa anatosha kulisimamisha. Familia ikitaka kukitoa kiwanja kiwe wakfu, waende Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana kukisajili kabla fundi hajapiga kamba ya msingi.