Maswali ya Wasomaji: Mzigo wako unatoka kwa nani?

Nauza magauni Instagram na WhatsApp nikiwa Morogoro. Nachukua kwa dada mmoja mwenye kundi la WhatsApp: anatuma picha, sisi tunaziposti, mteja akilipa ndipo tunaagiza. Shida ni kwamba wauzaji wengi wana picha zilezile, na bei tunashushiana. Nina mtaji wa shilingi 800,000. Nawezaje kupata wauzaji wangu mwenyewe wa jumla? — Msomaji, Morogoro

Dada, huyo unayemtegemea kwa kawaida naye hana stoo. Anachukua Kariakoo, anaweka cha juu, anakuuzia. Hakuna ubaya, ila huwezi kumbana kuhusu saizi wala kitambaa, kwa sababu hata yeye gauni halioni mpaka uliagize. Unachohitaji ni mtu anayeshusha mzigo, yaani anayeuingiza mwenyewe na kuuza kwa jumla, tena anayeweza kukupa mzigo uleule mara ya pili. Hilo la pili ndilo gumu, na wengi hawaliulizi.

Nenda Kariakoo siku ya kazi asubuhi, usiende wiki mbili za kabla ya Idi wala Krismasi, maana hakuna atakayekuwa na muda wa kukujibu. Anza Mtaa wa Kongo na mitaa inayoukata. Mlangoni utapokelewa na mawinga, vijana wanaopeleka wateja madukani kwa asilimia. Winga atakuonyesha duka haraka kweli, lakini asilimia yake imo ndani ya bei utakayotajiwa, kwa hiyo siku ya kwanza zunguka peke yako. Panda pia ghorofani. Fremu za chini zinalipa kodi kubwa na nyingi zinauza rejareja. Wenye marobota mara nyingi wako juu.

Ukifika dukani usianze na bei. Uliza: mzigo huu ukiisha unarudi, au ni wa mara moja? Rangi na saizi ngapi ziko stoo sasa hivi? Bei ya jumla inaanzia pisi ngapi, sita au dazani, na naruhusiwa kuchanganya rangi? Pisi yenye kasoro inabadilishwa ndani ya siku ngapi? Anayeshusha mzigo hujibu papo hapo. Anayekwambia "subiri nikuletee" na kutoka nje anakwenda kuchukua kwa jirani.

Risiti nyingi zimeandikwa kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Mkikubaliana kubadilishiana, mwambie aandike kwa mkono kwenye risiti yenyewe kabla hujalipa. Dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, na lipa kwa Lipa Namba yenye jina la duka. Ukipewa namba ya simu ya kijana wa dukani, kataa.

Sasa fedha. Tuseme gauni la jumla ni 14,000. Chukua dazani moja katika maduka mawili tofauti: 336,000. Hapo umebakiwa na 464,000, na usizimalize safari hiyohiyo hata ukionyeshwa kitu kizuri namna gani. Likiisha la duka moja, agiza dazani mbili za gauni hilohilo kwa simu, 336,000 nyingine, uone kitakachokuja. Kikija kitambaa kilekile, kipimo kilekile, umepata muuzaji. Kikija "kinachofanana", umepata duka la kawaida, endelea kutafuta. Zinazobaki, 128,000, ni za nauli, vifungashio na bodaboda.

Ukipanga bei usihesabu 14,000. Gauni moja katika dazani likiwa na zipu mbovu au doa, 168,000 zimegawanywa kwa 11, na kila moja limekugharimu karibu 15,300 kabla ya nauli.

Kabla ya kuposti, pima kila saizi kwa futi: kifua, kiuno, nyonga, urefu. Gauni likilazwa mezani, upana wa kwapa hadi kwapa mara mbili ndio kifua. "Frii saizi" si kipimo, andika sentimita. Mshono hesabu: kwenye kitambaa chepesi inchi moja iwe na hatua za sindano 10 hadi 12, zikiwa chini ya 8 mshono utaachia kwenye nyonga. Rangi nzito isugue mara kumi kwa kitambaa cheupe kilicholowa. Chomoa uzi pindoni uuchome: pamba inanuka kama karatasi na kuacha jivu laini, poliesta inayeyuka na kuganda punje ngumu. Mchanganyiko utafanya yote mawili. Halafu piga picha zako mwenyewe, hata za simu dirishani. Hapo ndipo utatofautiana na hao wenzako wa kundi.

Niliagiza jaketi za baridi kutoka Guangzhou kupitia wakala. Mizani ilionyesha kilo 13, lakini nikatozwa kilo 20. Nimeibiwa? — Msomaji, Eldoret

Huenda hukuibiwa. Mzigo wa ndege hutozwa kwa uzito au kwa nafasi, kinachozidi ndicho kinacholipiwa. Zidisha urefu, upana na kimo cha katoni kwa sentimita, kisha gawanya kwa 6,000. Katoni ya 60 kwa 50 kwa 40 ni 120,000. Ukigawanya unapata 20. Baadhi ya kampuni za vifurushi hugawanya kwa 5,000, na hapo katoni hiyohiyo ni kilo 24. Muulize wakala anatumia namba ipi kabla ya kumtumia chochote.

Jaketi nene kama hizo zifungwe kwenye mifuko ya kunyonya hewa. Muda ukiruhusu, zipande meli, ambako unalipia ujazo kwa meta moja ya ujazo, ila hesabu mwezi mmoja na zaidi. Ukitaka ziuzwe Juni, Machi uwe umeshalipa.

Kuhusu wauzaji wenyewe: 1688 bei zake ni za chini kwa sababu ni soko la mtandaoni la Wachina kwa Wachina. Lugha yake kuu ni Kichina na kwa kawaida mzigo unapelekwa ndani ya China, hivyo ni vizuri kuwa na wakala wa kuupokea, kuuhesabu na kuupiga picha kabla haujafungwa. Alibaba, soko la mtandaoni la wanunuzi wa nje ya China, ni ghali kidogo, lakini ukilipa ndani ya mfumo wake wa dhamana una pa kulalamikia. Muuzaji akikuvuta mlipane pembeni "kwa punguzo", dhamana imekwisha. Viwanda vingi huomba asilimia 30 kwanza na 70 mzigo ukiwa tayari. Hiyo ni kawaida. Anayetaka 100 kwa oda ya kwanza, achana naye. Na usiombe nembo ya kampuni kubwa kifuani: mzigo bandia ukikamatwa bandarini huteketezwa, na fedha hairudi.

Nataka fundi wa kunishonea magauni ya kitenge 12 kwa mpigo. Waliotangulia walichelewesha na saizi zikatofautiana. — Msomaji, Dodoma

Saizi zinatofautiana kwa sababu fundi anakata gauni mojamoja kwa jicho. Lipia patani ya karatasi ngumu ya kila saizi, na ikae kwako. Ashone sampuli moja, ivalishwe mtu, irekebishwe, kisha itunze usiiuze. Kila pisi italinganishwa nayo.

Kitenge cha yadi sita hutoa magauni mawili ya kawaida ya yadi tatu tatu, kwa hiyo 12 ni vipande sita, ongeza cha saba kwa ajili ya makosa na saizi kubwa. Vinunue siku moja, duka moja, kutoka mzigo mmoja, kwa kuwa rangi ya toleo lijalo inaweza kupishana. Kitenge cha pamba kiloweke na kukianika kabla ya kukatwa. Saizi zikate kwa mgao: S mbili, M nne, L nne, XL mbili.

Fundi mpya mpe sita kwanza. Lipa kwa pisi iliyokabidhiwa na kukaguliwa, pamoja na kianzio kidogo cha uzi na zipu. Kubalianeni mapema mabaki ya kitambaa ni ya nani, kwa sababu vipande vikigombewa hata fundi mzuri hukasirika. Desemba na Januari usimpe oda ya haraka: kuna sikukuu, halafu sare za shule. Ukikosa fundi mwenye cherehani za kutosha, uliza ofisi ya mkoa ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, kuhusu vikundi vya ushonaji, au zunguka mabanda ya wajasiriamali Sabasaba kila Julai. Chukua namba, lakini bei iulize baada ya maonyesho.

Belo la mtumba au kuchagua, kipi bora kwa kuuza mtandaoni? — Msomaji, Tanga

Kuchagua. Belo la kilo 45 huuzwa likiwa limefungwa. Blauzi za gramu 200 zitakuwa kama 225 humo, jinzi za gramu 600 kama 75, na kila pisi ni tofauti, yaani inahitaji picha yake, kipimo chake na maelezo yake. Nenda soko la Karume, Ilala, Dar es Salaam, asubuhi mabelo yanapofunguliwa, chukua pisi 20 hadi 30 za aina moja. Kwapa, kola na zipu vikague pale pale juani. Nguo za ndani za mtumba usiziguse. TBS, Shirika la Viwango Tanzania, imezipiga marufuku.